Mponda kokoto aliyeitafuta sauti ya besi

Saa moja kasoro robo asubuhi, machimbo ya Mtongani, Kunduchi. Jua bado halijapanda lakini vumbi limeshapanda. Auleria Kamugisha ameketi juu ya gunia lililokunjwa, miguu ameinyosha, jiwe amelibana ndani ya pete aliyoikata kwenye tairi kuukuu ili lisimrukie usoni. Nyundo inashuka mara mbili, mara tatu. Jiwe linakubali.

Kisha anasimama. Analizunguka lundo lake la kokoto kama mtu aliyepoteza kitu, anarudi, anaketi. Anaponda mawe matano, anasimama tena.

"Wenzangu wananiambia nimekalia siafu," anasema akicheka. "Mie kukaa sehemu moja siwezi. Tangu mwaka jana siwezi kabisa."

Midomo yake haitulii. Ukisogea karibu utagundua kwamba hasemi peke yake, anaimba. Na anachokiimba ni sauti ya wanaume, nzito kadiri koo la mwanamke wa miaka thelathini na tisa linavyoweza kushuka. Wanawake wanaoponda kando yake wamekwishamzoea. Hakuna anayegeuza shingo.

Pembeni yake kuna mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kuna kanga, na ndani ya kanga, iliyokunjwa mara mbili, kuna hedifoni za kijivu, nzito, mito yake imebanduka ngozi. Hazivai anapoponda, maana vumbi ni adui. Saa nne mama muuza chai akipita, Auleria ananawa hadi viwiko, anafungua kanga, anazivaa, anabonyeza kitufe cha wokmani yake. Hapo tu ndipo anapotulia, kwa dakika kumi hivi.

"Hizi zimenigharimu usingizi," anasema. "Fedha ilikuwa sehemu ndogo."

Mponda kokoto kununua hedifoni ni habari iliyowachekesha wengi Mtongani. Auleria mwenyewe haoni cha kuchekesha. Anasema alikuwa na deni, na deni lenyewe halikuwa la shilingi.

Alizaliwa Muleba, mkoani Kagera. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1981 kumfuata mumewe, Erasmus, aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo. Mwaka 1991 kiwanda kikapunguza watu, na jina la Erasmus likawa kwenye karatasi iliyobandikwa getini. Leo ni seremala wa vitanda pale Tegeta. Mwaka uliofuata Auleria alishika nyundo.

Ndoo moja ya kokoto inauzwa shilingi mia moja. Siku nzuri hujaza ndoo kumi. Siku mbaya lori halifiki, na kokoto inabaki palepale ikimtazama. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto hakina ukucha.

"Zamani tulikuwa tunasema hela zipo, vitu hakuna," anasema. "Sasa mambo ruksa, vitu vimejaa hadi barabarani. Ila hela ndiyo imeshika njia yake."

Furaha yake ni moja: kwaya ya kigango chao. Aliingia akiwa mgeni asiyejua mtu, akasimama upande wa sauti ya pili, na hakutoka tena. Miaka yote hiyo mwalimu alikuwa Alfonsi, karani wa serikali aliyekuwa akisoma nota kama wengine wanavyosoma gazeti. Mwanzoni mwa mwaka jana naye akapunguzwa kazini. Akafunga mizigo kurudi kwao Songea.

Kabla ya kuondoka alimwita Auleria nyuma ya kanisa, akamkabidhi boksi lenye kanda ishirini na mbili.

"Mama Loveness, wewe una sikio," alimwambia. Loveness ni binti yake mkubwa. "Shika hizi. Usiwaache wakakaa kimya."

"Lakini nota sizijui, mwalimu."

"Basi sikiliza."

Na ndivyo alivyofanya. Alikuwa akisikiliza wimbo kwenye kanda hadi auzoee, kisha anauchambua kama mtu anavyochambua mchele: hii sauti ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu, hii ya nne, yaani besi. Kila moja anaishika kichwani, halafu Jumamosi alasiri anawafundisha waimbaji kundi kwa kundi. Kigango hakijawahi kuwa na mwalimu mwanamke. Baadhi ya wanaume walinung'unika, wakanyamaza walipoona nyimbo zinapatikana.

Tatizo lilikuwa chombo. Wokmani aliletewa na shemeji yake, pamoja na hedifoni zake nyepesi, zile za sponji ya rangi ya chungwa. Upande wa kulia ulikuwa unasikika pale tu waya ulipokunjwa, ukabanwa kwa kibanio cha nywele. Sauti yenyewe, anasema, ilikuwa kama nyuki ndani ya kopo la majani ya chai.

"Sauti ya kwanza na ya pili zinakaa juu, hizo utazipata hata kwenye kopo. Ya tatu unaitafuta, unaipata. Ya nne inazama. Mara unaisikia, mara huisikii, na huwezi kujua kama haipo au wewe ndiye huipati."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba balaa lote.

Oktoba mwaka jana kulikuwa na mashindano ya kwaya tisa. Auleria alichagua wimbo wa kutolea sadaka kutoka kanda ya kwaya moja ya huko kwao Kagera. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu ulikuwa na mstari mrefu, "Tulichovuna kwa jasho twakiweka mbele yako," na katika mstari huo besi hakuisikia hata chembe. Alirudisha kanda nyuma hadi betri zikaisha nguvu. Akaanika betri juani, zikapata uhai kidogo, akarudisha tena. Hakusikia kitu.

Zilibaki Jumamosi mbili.

"Nikajisemea, wimbo hauwezi kukosa besi katikati," anasimulia, macho yakiwa kwenye nyundo. "Basi nikaitunga. Nikaweka sauti niliyoona inaingia. Nikawafundisha kina Gozbert kama vile nimeitoa kwenye kanda."

Gozbert ni kiongozi wa besi, fundi bomba, mtu wa maneno machache na kifua kipana. Besi wake sita walishika ile sauti vizuri sana. Na waliimba kwa nguvu, kwa sababu ilikuwa tamu.

Walishika mkia. Mmoja wa waamuzi aliandika kwenye karatasi yao mstari mmoja: "Ubeti wa tatu, besi wanaimba kitu kisichokuwemo."

Jumamosi iliyofuata Gozbert alisimama na ile karatasi mkononi, mbele ya watu wote.

"Mwalimu," alisema, "naomba kuuliza tu. Ile besi ya ubeti wa tatu uliisikia kwenye kanda, au?"

Wote waligeuka kumtazama mwalimu. Auleria akajibu, "Niliisikia."

"Neno moja," anasema leo. "Lakini lilinikwama kama mwiba wa sato. Ukimeza ugali hauendi, ukinywa maji hauendi."

Gozbert alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema, "Basi sie ndio hatukushika vizuri. Tusamehe." Hilo la kuombwa msamaha ndilo lililommaliza.

Tangu siku hiyo ndipo alipoanza kutotulia. Akipika, anaacha sufuria na kutoka uani. Akiwa machimboni, anahesabu mawe bila sababu. Mumewe anasema ilifika mahali akawa anazunguka nyumba kama mlinzi.

Siku moja saa saba mchana alichukua ile kanda, akaenda nayo kwenye baa moja karibu na machimbo, kwa sababu ilikuwa na spika kubwa kuliko zote za mtaani. Alimwomba kijana wa kaunta amwekee wimbo mmoja tu. Wateja watatu waliokuwa na bia zao wakasikia sadaka ikitolewa katikati ya mchana.

"Mama, umekuja kutubatiza?" mmoja akauliza, na wengine wakaangua kicheko.

Auleria alikuwa amebandika sikio kwenye spika, kiganja kikiziba sikio la pili. Spika zilikuwa na besi nyingi, lakini zilitetemesha hata mbao za meza. Ubeti wa tatu ukapita kama lori. Kijana wa kaunta, ambaye ndiye pekee asiyecheka, akamwambia, "Mama, kama unatafuta kitu kidogo ndani ya wimbo, spika hazikusaidii. Tafuta hedifoni za maana."

Nyumbani, mambo hayakuwa mepesi. Walikuwa wameweka akiba kidogo kwa ajili ya bati za jiko, kwani kila masika mvua huingia ndani ya sufuria. Auleria alipomweleza mumewe anachotaka kununua, Erasmus aliweka randa chini.

"Masikio mawili aliyokupa Mungu hayakutoshi?"

"Yananitosha. Waya ndio haunitoshi."

"Mama Loveness, watu wananunua bati, wewe unanunua masikio?"

Hapo akamwambia ukweli wote, na alikuwa mtu wa kwanza kuusikia. Erasmus aliokota randa, akaendelea na kitanda cha watu. Siku ya tatu, akinywa uji, akasema, "Nenda. Ila usinunue kwa macho."

Alinunua kwa macho.

Kariakoo aliingia maduka manne. La kwanza walimwonyesha zile za kuchomeka ndani ya sikio, zikamuuma kama amejiziba kwa kokoto. La pili muuzaji hakutaka kabisa aweke kanda yake. La tatu zilikuwa nyepesi, zilezile za sponji, ila sponji nyeusi. La nne lilikuwa la Khalfani, kijana mchangamfu mwenye kofia ya kitambaa, ambaye alizishusha kutoka juu kabisa hedifoni kubwa zenye mistari ya dhahabu, na jina la kampuni la Kijapani ambalo, akikumbuka leo, lilikuwa na herufi moja ya ziada.

"Huu mzigo umetoka Dubai juzi," Khalfani alisema. "Vaa, mama. Vaa, usikie mambo."

Akamwekea kanda yake mwenyewe. Besi ikashuka ndani ya kichwa cha Auleria kama mtu anayemwaga mawe kutoka kwenye lori. Akacheka kwa mshangao. Miezi mitatu alikuwa akitafuta besi, na hii hapa, tele.

"Naomba niweke yangu."

"Weka, mama, weka. Hizi hazichagui wimbo."

Kwenye kanda yake pia besi ilikuwepo. Ilinguruma ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Haikuwa rahisi kujua inakwenda wapi, lakini ilikuwepo. Moyo wake ukaruka: kumbe besi ipo! Kumbe hakusema uongo sana! Akatoa shilingi elfu sita na mia tano bila kubishana, jambo ambalo Khalfani anakiri lilimshangaza.

Furaha ilidumu hadi asubuhi. Alipokuwa akifagia uwanja alizivaa, akafungua redio ya wokmani kusikiliza taarifa ya habari. Mtangazaji alikuwa mwanamke. Sauti yake ilitoka nzito, ikinguruma kama ya besi wa kigango.

Auleria aliacha ufagio.

"Nikasema hapana. Huyu mama namjua kwa sauti miaka yote, hana besi huyu. Nikaweka wimbo wa watoto wa shule, nao wana besi! Yaani zile hedifoni zilikuwa zinatia besi kila mahali, hata pasipo na besi." Anatikisa kichwa. "Zilikuwa zinabuni. Kama mie."

Siku hiyo hakuponda hata ndoo moja. Alipanda gari hadi Kariakoo, akaweka boksi la hedifoni juu ya kaunta.

"Mali ikiuzwa hairudi, mama," Khalfani akasema.

"Najua. Ila hizi zinasema uongo."

"Hedifoni zinasema uongo?" Khalfani alicheka, akatazama wateja wengine ili wacheke naye. Kisha akaona sura ya mama aliyesimama mbele yake, akaacha. Akamuuliza anatafuta nini hasa. Auleria akamweleza habari ya ubeti wa tatu, pale pale, watu wakipita.

Khalfani alijikuna shingo. "Mie nauza ngurumo, mama. Vijana ndicho wanachotaka. Wewe unataka kusikia mtu mmoja mmoja." Akarudisha fedha, akakata elfu moja ya usumbufu, kisha akamwelekeza kwa Bi Rukaiya wa Msasani, anayeuza vitu vya wageni wanaomaliza mikataba na kurudi makwao. "Huko utakuta vizee visivyo na sura. Lakini vinasema kweli."

Bi Rukaiya ni mwenyeji wa Msasani tangu enzi za mababu, na ndugu zake wengi wanafanya kazi kwenye nyumba za wageni hao. Barazani kwake Auleria alikuta sahani, pasi, taa za mezani, viatu vya theluji visivyo na mnunuzi, na hedifoni jozi mbili juu ya mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tazama ukipendacho, kutazama hatuuzi."

Jozi ya kwanza ilikuwa nyeusi, nyepesi, karibu mpya. Ya pili ilikuwa hizo za kijivu, nzito, mito imebanduka, waya umejikunja kama mkia wa nguruwe, na kichwa cha waya kikubwa kisichoingia kwenye wokmani. Bi Rukaiya alimtolea redio yake kubwa ya kaseti ajaribie.

Zile nyeusi zilikuwa tamu. Sauti ya kwanza na ya pili zilitoka laini kama maji ya dafu. Auleria alisimama, akaketi, akasimama, akaenda hadi mwisho wa baraza kadiri waya ulivyofika, akarudi. Alitaka kuzichukua. Zilikuwa nzuri, hazikuwa na aibu ya kuvaliwa mbele za watu, na alikuwa amechoka kutafuta.

"Kaa kitako, mwanangu," Bi Rukaiya akamwambia. "Chombo hakisikilizwi kwa miguu. Hebu jaribu na hicho kizee. Mwenyewe alikuwa babu mmoja Mdachi, kila asubuhi kavaa, kafumba macho, mpaka chai yake inapoa."

Alipozivaa zile za kijivu alivunjika moyo kwanza. Zilikuwa zimepoa. Hakuna kilichonguruma, hakuna kilichong'aa. Akaongeza sauti kidogo, akaketi, akafumba macho.

Taratibu watu wakaanza kutokea. Hivyo ndivyo anavyoeleza: watu, si sauti. Mwanamke mmoja kushoto mwenye mtetemo kidogo mwishoni mwa maneno. Wanaume wa sauti ya tatu nyuma yake. Na chini, besi, wanne au watano, wanatembea hatua kwa hatua, kila hatua inaonekana inapokanyaga. Aliwafuata ubeti wa kwanza. Aliwafuata wa pili, akagundua mahali pawili alipokosea kidogo.

Ubeti wa tatu ukaingia. "Tulichovuna kwa jasho..."

Besi hawakuwepo.

"Nilidhani waya umekatika," anasema. "Nikazivua, nikazitazama. Nikarudisha kanda. Kwanza yupo, pili yupo, tatu yupo. Chini, hakuna. Nikarudisha tena. Mara ya tatu nikasikia kitu. Nikasikia mtu anavuta pumzi. Unaelewa? Besi mmoja, karibu na maikrofoni, anavuta pumzi, amesubiri mstari mzima. Ndipo wanaingia wote kwa pamoja kwenye neno la mwisho. 'Yako.' Wamenyamaza! Mstari mzima wamenyamaza."

Mambo yakamfungukia. Wenye wimbo waliwanyamazisha besi makusudi, ili wa sauti tatu za juu wabaki peke yao na mavuno yao mikononi, na neno la mwisho lije kama ardhi. Kwenye nafasi hiyo yeye alikuwa amewapandisha wanaume sita waimbe kwa nguvu zote.

Alivua hedifoni. Machozi yalikuwa yakimtoka. Bi Rukaiya hakuuliza kinachomliza.

"Umepata ulichokitaka?"

"Nimepata, bibi. Ila sicho nilichokitaka."

Alilipa elfu tisa. Kichwa kidogo cha kuunganishia waya kwenye wokmani alipewa na Khalfani, na Khalfani akakataa fedha.

Sasa ilibaki kazi ngumu zaidi. Jumamosi ya kwanza alishindwa. Alifundisha wimbo mwingine, akawaruhusu watu mapema, akaenda nyumbani. Jumamosi ya pili alisimama mbele ya waimbaji thelathini na mmoja kabla hawajakaa.

"Niliwadanganya," alisema. "Ile besi ya ubeti wa tatu sikuisikia. Niliitunga. Gozbert aliniuliza mbele yenu, nikasema niliisikia. Sasa nimesikia ukweli wake. Pale besi wananyamaza. Naomba mnisamehe."

Gozbert ndiye aliyesema, taratibu kama kawaida yake.

"Kwa hiyo tulishika mkia kwa ajili ya sauti ambayo haipo."

"Ndiyo."

"Na mie nikakuomba msamaha."

"Ndiyo, kaka Gozbert."

Gozbert alichukua kofia yake kwenye benchi. Besi wawili wakamfuata. Wengine watatu wakabaki wakitazama chini, na Jumamosi iliyofuata nao hawakuja.

Wiki tatu kigango kiliimba bila besi. Baadhi ya wazee wa kanisa walisema waziwazi kwamba hayo ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke kwaya. Auleria alifikiria kurudisha boksi la kanda kwa katibu wa kwaya. Erasmus, ambaye hakuwahi kuunga mkono ununuzi ule, ndiye aliyemzuia. "Umekwishatoa bati zetu," alimwambia. "Sasa ukiacha, tutakuwa tumelowa bure."

Dominika moja baada ya misa aliweka hedifoni kwenye mfuko, akaenda nyumbani kwa Gozbert. Alimkuta uani akikaza mpira wa pampu. Mke wake akatoa kigoda. Auleria hakukaa.

"Sikuja kuomba msamaha tena, nilishauomba," alisema. "Nimekuja usikie. Ukishasikia nitaondoka."

Gozbert alijifuta mikono, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Akazivaa. Kichwa chake kikubwa kiliujaza upinde wa hedifoni hadi mwisho. Auleria akabonyeza.

Alisikiliza hadi mwisho, uso haukubadilika. Akafanya ishara kwa kidole: rudisha. Alisikiliza ubeti wa tatu mara sita. Mara ya nne aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mara ya sita alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya goti.

"Huyu mmoja anavuta pumzi mapema," alisema hatimaye. "Anaogopa kuchelewa."

"Nami nimemsikia."

"Mwalimu, kunyamaza huku ni kugumu kuliko kuimba." Akavua hedifoni, akazigeuzageuza, akazirudisha kwa mikono miwili. "Jumamosi saa tisa?"

"Saa tisa."

Walikuja wote sita. Iliwachukua Jumamosi tatu kujifunza kunyamaza, maana kila mara kulikuwa na mmoja anayeteleza. Waliuimba wimbo huo Dominika ya nne ya Kwaresima mwaka huu. Ubeti wa tatu sauti za juu zilibaki peke yao, kanisa likatulia, na neno la mwisho likatua na besi wote sita chini yake.

Si kila mtu alipendezwa. Nje, mama mmoja mzee alimshika Auleria mkono akamwambia, "Wimbo ulikuwa mzuri, mwanangu, ila hawa besi wako walisahau katikati." Gozbert alikuwa karibu, akacheka hadi akainama.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo Auleria angetulia. Haikuwa hivyo. Anasema hedifoni zimempunguzia raha. Sasa anasikia kila kitu: kanda iliyovutika, betri inayochoka, mwimbaji wa kwaya kubwa aliyeingia vibaya na hakuna aliyemwona. Nyimbo alizowafundisha mwaka jana amezipitia upya, akakuta makosa kumi na moja. Ameshayarekebisha saba. Mengine manne yanamnyima raha.

"Zamani nikisikia wimbo nafurahi tu," anasema. "Sasa nafurahi, halafu nauliza."

Na kuna kinachomkera zaidi. Sikio, hata liwe zuri vipi, linategemea kanda, na kanda inachakaa. Kwa hiyo ameamua kujifunza nota. Julai kutakuwa na mafunzo ya wiki mbili kwa walimu wa kwaya huko Bagamoyo. Ameandika barua kuomba kigango kimpeleke. Tayari Erasmus amemchorea daftari zima mistari mitano mitano, kwa penseli ya useremala na rula, kurasa zote, bila kuombwa.

Halmashauri ya kigango haijajibu. Wapo wanaosema nafasi hiyo apewe mwanamume. Auleria ameulizia jibu mara tatu, na Jumapili hii ataulizia mara ya nne.

Je, wakimkatalia?

Anasimama, anajipangusa vumbi kwenye kanga, anatazama barabara ambako lori la kokoto linakaribia.

"Nitakwenda kwa nauli yangu," anasema. "Wakininyima kiti, nitasimama dirishani. Kusikia, nasikia."